Usalama wa Mji wa Isiolo: Sheria za Kaunti, Idadi ya Polisi na Pengo Lililoachwa Katikati

Duka likivunjwa usiku mjini Isiolo, mwenyewe hajui apeleke wapi malalamiko. Akienda kituo cha polisi anaambiwa askari ni wachache na mtaa ulikuwa giza, na giza hilo ni la kaunti. Akienda kwa kaunti anaambiwa usalama ni kazi ya serikali kuu. Majibu yote mawili ni sahihi kisheria, na hapo ndipo uchungu ulipo: kila ofisi inasema kweli, na mwenye duka anarudi mikono mitupu.

Hali hiyo imewagawa wakazi katika kambi mbili. Ya kwanza inadai Bunge la Kaunti litunge sheria kali za mji: baa zifungwe mapema, bodaboda zipangwe, wachuuzi waondolewe kandokando ya barabara kuu, vijana wasizurure baada ya saa fulani. Ya pili inasema sheria zimejaa kabatini, kinachokosekana ni polisi, waletwe wengine na mambo yatatulia. Mara nyingi pande zote mbili huzungumza kana kwamba gavana anaweza kuajiri polisi na kamanda wa polisi anaweza kununua taa. Kabla ya kupima hoja zao, inafaa kuelewa mji wenyewe ni wa namna gani na nani amepewa mamlaka gani juu yake.

Mji wa njia panda

Isiolo haikukua kama mji wa soko la wakulima. Ilikua kama kituo cha utawala na cha jeshi kwenye ukingo wa nyanda kavu. Wakoloni waliifanya mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, wakawapa makao humo Wasomali waliowatumikia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye mji ukawapokea Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasakuye na wengine wengi. Leo mitaa kama Bulla Pesa, Kulamawe, Kambi Garba, Checheles na Kiwanjani inabeba historia za jamii mbalimbali zinazokutana katikati ya mji kwa biashara na kurudi makwao jioni.

Miaka ya karibuni kasi imeongezeka. Lami kutoka Isiolo hadi Moyale, zaidi ya kilomita 500, ilikamilika katika muongo uliopita. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, uliiweka Isiolo kwenye ramani ya bandari, mabomba, reli na mji wa kitalii. Uwanja wa ndege ulifunguliwa rasmi mwaka 2017. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 143,294 katika kaunti nzima, na ile ya 2019 ikahesabu 268,002. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo inaonekana mjini, katika nyumba za kupanga, steji za bodaboda, maduka ya jumla na kina mama wanaokusanya maziwa ya ngamia alfajiri ili yasafirishwe hadi Eastleigh, Nairobi.

Barabara inayoleta bidhaa halali huleta pia bangi kutoka mpakani, silaha, na wahamiaji wanaosafirishwa kwa siri. Inaleta wageni wa usiku mmoja ambao hakuna anayewajua. Wizi wa simu, uvunjaji wa maduka na unyang'anyi wa pikipiki hustawi mahali ambapo watu wanapita upesi na mashahidi hawafahamiani.

Lakini Isiolo ina tatizo jingine la usalama, na kulichanganya na hili la mjini ndiko kunakovuruga mjadala. Nje ya mji kuna uvamizi wa mifugo, ugomvi wa malisho na maji, na mpaka na Meru ambao umegombaniwa kwa miaka mingi. Mapigano ya mwaka 2009 na yale ya mwishoni mwa 2011 hadi 2012 yaliacha vifo na familia bila makao, na hofu yake iliingia hadi mitaani. Tatizo la nyikani linahitaji vikosi vyenye magari, mawasiliano na wazee wa amani. Tatizo la mjini linahitaji taa, doria ya miguu, leseni na kesi zinazofika mahakamani. Kila mara la kwanza linapolipuka, rasilimali za la pili huondolewa, na anayelipa gharama ni mwenye kibanda.

Kuna jambo moja la historia ambalo waandishi wa sheria za mji hawapaswi kulisahau. Watu wa kaskazini wamewahi kuishi chini ya sheria zilizowalenga wao kwa kuwa wao. Enzi za ukoloni wilaya hizo zilifungwa, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Wakati wa vita vya Shifta na baada yake, kanuni za mwaka 1966 ziliipa serikali mamlaka ya kukamata na kuzuia watu katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya jirani, Isiolo ikiwamo. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa dhidi ya kushtakiwa kwa waliyoyatenda humo kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Mzee wa Isiolo anaposikia pendekezo la kusimamisha watu usiku na kudai vitambulisho, hasikii pendekezo jipya. Sheria yoyote ya usalama isiyojali kumbukumbu hiyo itapingwa na watu walewale inaotaka kuwalinda.

Nani ana mamlaka gani

Katiba ya 2010 iligawa kazi kwa namna inayoeleweka, ingawa haikurahisisha maisha. Polisi ni wa taifa. Kifungu cha 243 kinaunda Huduma ya Taifa ya Polisi, na cha 245 kinaiweka chini ya amri huru ya Inspekta Jenerali. Hata waziri haruhusiwi kumwelekeza kuhusu nani aajiriwe, apandishwe cheo au apelekwe wapi. Gavana yuko mbali zaidi na mamlaka hayo. Kifungu cha 247 kinaruhusu kuanzishwa kwa huduma nyingine za polisi, lakini kwa sheria ya Bunge la taifa, na chini ya amri ya Inspekta Jenerali yuleyule. Kwa hiyo wanaodai kaunti iwe na polisi wake wanadai kitu ambacho Bunge la Kaunti haliwezi kukitoa hata likipiga kura kwa kauli moja.

Upande wa pili, Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti mambo mengi yanayoamua kama mtaa utakuwa salama au la. Taa za barabarani, maegesho na usafiri wa kaunti ni vyake. Vivyo hivyo masoko, leseni za biashara, leseni za pombe, kumbi za burudani, uzoaji taka, zimamoto na udhibiti wa dawa za kulevya. Anayetaka kufungua baa Isiolo anaomba ruhusa kaunti. Anayeamua steji ya bodaboda iwe wapi ni kaunti.

Sheria ya kaunti ina masharti mawili ya kuanza kazi yanayopuuzwa mara kwa mara: wananchi washirikishwe kama Kifungu cha 196 kinavyotaka, na sheria ichapishwe katika Gazeti Rasmi kama kinavyotaka Kifungu cha 199. Zile sheria ndogo za enzi za mabaraza zilitungwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, na sheria hiyo mama iliondoka baada ya uchaguzi wa 2013. Askari wa kaunti anayemkamata mchuuzi leo anapaswa kuweza kutaja sheria iliyo hai. Asipoweza, anachofanya ni unyanyasaji uliovalishwa sare.

Hoja ya sheria kali za mji

Wanaotetea njia hii wana nguvu zao, na si haki kuwadharau. Sheria hutungwa hapahapa Isiolo na madiwani wanaoujua mji. Gharama yake ni ndogo kuliko kuajiri. Isitoshe, kaunti tayari inashikilia leseni, na leseni ni chombo chenye meno. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliweka saa za baa kuwa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana mwisho wa wiki, tena baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule. Mmiliki anayejua kwamba ugomvi wa kila Ijumaa mlangoni pake utamnyima leseni mwaka ujao atatafuta mlinzi, ataweka taa na atakataa kumwuzia aliyelewa. Hakuna polisi aliyehitajika hapo.

Hatari huanza sheria inapoacha kulenga mahali na kuanza kulenga watu. Amri ya vijana kutoonekana mitaani usiku, kosa la "kuzurura", au kufagia wachuuzi wote kwa kuwa baadhi yao huficha wezi, zote zinampa askari ruhusa ya kumkamata mtu kwa jinsi anavyoonekana. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinaadhibu umaskini na hali ya mtu badala ya kitendo chake. Kutunga upya makosa ya aina hiyo mjini Isiolo ni kurudi nyuma, na katika mji wenye historia tuliyoieleza ni kukaribisha hasira.

Kuna pia kizuizi cha Katiba ambacho wakazi wachache wanakijua. Kifungu cha 49(2) kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi ya sheria za mji ni ya kiwango hicho. Kumfungia mama muuza mboga usiku kucha kwa kosa la kuuza mahali pasiporuhusiwa kunapingana na roho ya kifungu hicho, hata kama kosa lenyewe lipo. Katika miji mingi ya Kenya, kinachofanyika badala yake ni mazungumzo ya pembeni: mzigo unachukuliwa, noti inabadilishana mikono, mzigo unarudi. Faini ikiwa kubwa kuliko thamani ya bidhaa, hongo inakuwa nafuu kwa pande zote mbili. Adhabu kali hivyo inaweza kuongeza mapato ya askari mmoja mmoja bila kupunguza kosa hata moja.

Mifano ya jirani inafundisha. Dar es Salaam ilijaribu njia mbili ndani ya miaka michache. Mwishoni mwa 2018 wamachinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 za Tanzania na kuruhusiwa kufanya biashara bila kubughudhiwa. Mwishoni mwa 2021 wakaondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Njia za watembea kwa miguu zilifunguka, lakini waliopelekwa mbali na wateja walilalamika kukosa riziki. Suala la eneo mbadala lilikuwa zito kuliko lile la kuondoa.

Nchini Kenya, mwezi Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, ambayo ni aina ya miraa, na Taita Taveta ikafuata. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi, na serikali kuu ikasema zinakinzana na sheria ya taifa inayoitambua muguka kama zao. Isiolo, inayopakana na Meru ya miraa na yenye vibanda vya miraa katikati ya mji, ina sababu ya kulitazama fundisho hilo kwa makini. Kaunti inaweza kupanga zao liuzwe wapi, saa ngapi na kwa mtoto wa umri gani lisiuzwe. Ikijaribu kulifuta, mahakama itaizuia.

Kizuizi kingine ni mpaka. Upande wa kusini mji umekua kuelekea Meru, na mstari haujakubaliwa. Mwenye pango la chang'aa akibanwa na sheria ya Isiolo anaweza kuhamia hatua chache na kudai yuko kaunti nyingine. Bila makubaliano ya kaunti hizo mbili, sheria kali zaidi itahamisha tatizo kwa mwendo wa dakika kumi.

Hoja ya polisi zaidi

Hoja hii inaanzia kwenye ukweli ulio wazi. Kaunti ya Isiolo ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na polisi waliopo wanatakiwa kuulinda mji, barabara kuu, masoko ya mifugo na vijiji vya mbali hadi Merti na Garbatulla. Anayepiga simu usiku na kuambiwa gari halina mafuta hahitaji mtaalamu kumweleza upungufu ni nini.

Wanaodai nyongeza hupenda kutaja uwiano wa polisi mmoja kwa watu 450 kama agizo la Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa haujaweka kiwango kama hicho. Hata kingekuwepo, kingedanganya hapa, kwa sababu kinahesabu vichwa na kusahau umbali. Swali lenye maana kwa mfanyabiashara wa katikati ya mji ni hili: kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, askari wangapi wako kwa miguu kati ya steji, soko na mtaa wa maduka?

Utafiti unaunga mkono swali hilo. Huko Kansas City, Marekani, mwaka 1972 hadi 1973, polisi walijaribu kuongeza doria za magari katika maeneo fulani, kuziondoa katika mengine na kuziacha kama zilivyo katika mengine. Uhalifu haukutofautiana, na wakazi hawakuhisi mabadiliko. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Minneapolis ilijaribu jambo lingine: kupeleka askari mara kwa mara kwenye pembe chache zilizokuwa na matukio mengi, na huko vurugu zilipungua. Isiolo si Minneapolis, lakini katikati ya mji wa Isiolo ni padogo. Anayeishi pale anaweza kutaja pembe tano au sita zinazoleta shida, na mtu wa bodaboda atazitaja haraka zaidi.

Udhaifu mkubwa wa hoja ya nyongeza ni kwamba polisi wakiongezwa bila masharti hawabaki mjini. Uvamizi ukitokea Burat au Garbatulla, kamanda huchukua askari alio nao karibu. Haifai kumlaumu, maana maisha ya watu yana uzito zaidi kuliko simu zilizoibwa. Hata hivyo, mageuzi ya 2018 yaliwahamisha maafisa zaidi ya 24,000 wa polisi wa utawala kwenda polisi wa kawaida, na waliobaki wakapangwa katika vikosi maalum: ulinzi wa mipaka, ulinzi wa miundombinu muhimu, kikosi cha dharura, na kile cha kupambana na wizi wa mifugo. Vikosi hivyo viliundwa ili mkuu wa kituo asilazimike kukiacha kituo chake tupu. Kama kituo bado kinaachwa tupu, basi tatizo ni la upangaji, na askari mia wapya wataingia kwenye mpango uleule.

Ajira yenyewe haiko mikononi mwa Isiolo. Mwaka 2025 mvutano kati ya Tume ya Huduma kwa Polisi na Inspekta Jenerali juu ya nani ana haki ya kuajiri ulifika mahakamani na kuchelewesha kuajiriwa kwa makonstebo 10,000 wa nchi nzima. Kaunti inayosubiri mgao wake kutoka hapo inasubiri kitu isichoweza kukiharakisha.

Tena kuna suala la imani, ambalo halihesabiki kwa idadi. Askari huja kutoka mbali, huhamishwa upesi, na wengi hawajui Kiborana, Kisomali wala Kiturkana. Shahidi haji kituoni kama anaamini jina lake litavuja, au kama mara ya mwisho alipokuja aliombwa pesa ya mafuta. Tume ya Waki mwaka 2008, jopo la Ransley mwaka 2009 na jopo la Maraga lililokabidhi ripoti mwaka 2023 yote yalizungumzia mazingira ya kazi ya polisi na uhusiano wao na raia. Mamlaka huru ya kusimamia polisi (IPOA), iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ipo kupokea malalamiko. Nyongeza ya askari bila kugusa mambo haya huongeza vizuizi vya barabarani kuliko inavyoongeza kesi zilizokamilika.

Raia kujilinda

Kuna wanaosema tuache serikali zote mbili, raia wajipange. Mpango wa Nyumba Kumi ulisukumwa sana baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013, ukiazimwa kutoka Tanzania ambako mabalozi wa nyumba kumi ni wa tangu enzi za chama kimoja. Kwa kupeana habari, ni jambo zuri na la bei nafuu. Walinzi wa maduka wanaolipwa kwa mchango wa mtaa nao husaidia.

Silaha ni habari tofauti. Polisi wa akiba walinyang'anywa bunduki mwaka 2019 kwa madai ya matumizi mabaya, kisha serikali ikaanza kuwarudisha katika maeneo yenye uvamizi. Kijijini ambako jamii ni moja, wana utetezi wao. Mjini, ambako jamii zote zinakutana, kumpa bunduki kijana wa mtaa mmoja ni kuuambia mtaa wa pili utafute yake. Hapa hakuna haja ya kupima sana. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka jadi ya amani ya kaskazini ni ile njia ya Modogashe, ambako mwaka 2001 wazee wa jamii za eneo hili walikubaliana kanuni za pamoja za kuzuia wizi wa mifugo na kulipa fidia. Makubaliano hayo hayakuwa na nguvu ya sheria, na hayatoshi kwa uhalifu wa mjini, lakini yalionyesha kwamba watu hufuata kanuni walizoshiriki kuziandika.

Kupima

Kila kambi inashika nusu ya kile kinachohitajika, na kosa lao la pamoja ni kuruka mahali ambapo nusu hizo zinapaswa kuunganishwa. Mahali hapo pana jina. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au mjumbe wa serikali yake aliyemteua. Ndani yake wanakaa wakuu wa polisi, upelelezi na ujasusi wa kaunti, madiwani wawili, na wananchi wasiopungua sita kutoka kwa wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalum, viongozi wa dini na vijana. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele vya polisi katika kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu na kuimarisha polisi jamii. Haiwezi kumwamuru kamanda amkamate nani. Inaweza kumuuliza mbele ya watu kwa nini pembe fulani haikuwa na doria wiki tatu mfululizo, na inaweza kumuuliza gavana kwa nini pembe hiyohiyo haina taa.

Nakiri kwamba mamlaka ya aina hii inaweza kugeuka kikao cha posho. Inaweza pia kutekwa na siasa. Isiolo imeonja mgogoro mkali mwaka 2025, pale hoja ya kumwondoa gavana ilipofika hadi Seneti na kuanguka huko, na ni vigumu kujenga ushirikiano wa usalama wakati bunge na serikali ya kaunti zinashindana. Lakini vyombo vingine havina hata nafasi ya kuwakutanisha wanaohusika. Kamati za usalama za kamishna wa kaunti hukaa faraghani na haziwajibiki kwa mwenye duka.

Kwa upande wa sheria, ningechagua chache na zote zilenge mahali: masharti ya leseni za baa yanayohusu taa, mlinzi na rekodi ya vurugu, steji za bodaboda zenye orodha ya wanachama na makoti yenye namba, saa za masoko zinazozingatia kina mama wa maziwa wanaohitaji kuwa barabarani kabla ya alfajiri, na eneo la wachuuzi lililo karibu na wapita njia, lililopatikana kabla ya mtu yeyote kuondolewa. Gharama yake ipo. Wamiliki wa baa wadogo watalalamika, na baadhi watafunga. Bodaboda wasio na vibali watasukumwa pembeni. Hiyo ni hasara halisi kwa vijana wasio na kazi nyingine, na kaunti inapaswa kuipunguza kwa ada ndogo na muda wa kujipanga.

Taa ndizo ningeziweka mbele ya vyote. Jijini New York, jaribio lililofanyika mwaka 2016 kwa kupeleka minara ya taa katika mitaa ya makazi ya umma iliyochaguliwa kwa bahati nasibu lilionyesha makosa makubwa ya usiku ya nje yalipungua kwa takriban theluthi moja. Wakenya hawakuhitaji jaribio hilo kuita taa zile ndefu "mulika mwizi". Udhaifu wake hapa nchini ni matengenezo na bili. Mlingoti unasimamishwa kwa sherehe, balbu inaungua, deni la umeme linalimbikizwa, na giza linarudi likiwa na mlingoti katikati. Isiolo ina jua la kutosha kwa taa za sola, lakini betri nazo huisha na huibwa. Bajeti isiyo na mstari wa matengenezo ni bajeti ya picha za uzinduzi.

Kwa upande wa polisi, dai lenye faida ni la upangaji: idadi ya chini ya askari wa zamu ya usiku katikati ya mji isiyoguswa bila kuiarifu Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, na vikosi vya wizi wa mifugo na dharura vikibeba mzigo wa nyikani. Kamanda atapoteza uhuru fulani, na siku ya uvamizi mkubwa atalalamika kwa haki. Ndiyo maana iwe ni wajibu wa kuarifu na kueleza, isiwe marufuku. Kama kaunti inataka kusaidia kwa magari, mafuta au nyumba, ifanye hivyo kwa makubaliano ya maandishi kati ya serikali mbili, kwa sababu fedha za kaunti kwenye kazi ya taifa bila makubaliano huzua maswali ya wakaguzi.

Mpangilio una maana. Taa na leseni zikitangulia, askari wachache watatosha kwa pembe chache zilizobaki. Adhabu zikitangulia, zitawaangukia wachuuzi gizani.

Wakati wa kudai

Mambo haya yana kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Kila hatua inatakiwa kuwa na kikao cha wananchi, na mkazi yeyote ana haki ya kupeleka ombi la maandishi bungeni. Chama cha wafanyabiashara wa mji, waendesha bodaboda na vikundi vya kina mama wa maziwa wakienda pamoja katika kikao cha Februari wanaweza kuomba vitu vitatu vinavyojibika kwa karatasi: orodha ya taa zote za katikati ya mji, zinazowaka na zilizozima, pamoja na kiasi kilichotengwa kuzitengeneza, nakala ya sheria za mji zilizochapishwa katika Gazeti Rasmi ambazo askari wa kaunti anazitumia kukamata, na majina ya wananchi walioteuliwa katika Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, pamoja na tarehe ya kikao chake cha mwisho.